Bomba Linalovuja Katika Simu ya Mkulima

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kieni

Kila mkulima wa skimu zetu za Kieni ajua hasara ya bomba linalovuja. Maji yetu hutoka katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, nayo hugawanywa kwa zamu. Mwenye zamu ya usiku akiamka na kukuta tangi tupu, hawagombezi watoto kwanza kwamba wameoga sana. Hulifuata bomba tangu langoni hadi jikoni, akitazama chini mahali penye majani mabichi kuliko pengine. Katika ukurasa huu nataka tuifuate simu kwa njia iyo hiyo. Data ya simu nayo hununuliwa kwa kipimo, na nyingi katika hiyo hupotea mwenyewe akiwa amelala.

Mambo haya sikuyapata kitabuni. Niliyapata kwa aibu, na afadhali niieleze aibu hiyo mapema.

Mwaka jana, ilipokaribia siku ya kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaarifu wakulima katika kundi letu la WhatsApp. Nilianza kwa video ya daktari wa mifugo akieleza dalili za ugonjwa. Nikaongeza picha tatu za ng'ombe wenye vidonda ulimini. Mwisho kabisa nikatia karatasi ya ratiba, josho gani siku gani. Nilijiona nimefanya kazi ya kisasa, nikaenda kunywa chai.

Siku mbili baada ya chanjo alikuja ofisini Mama mmoja wa skimu yetu, viatu vimejaa tope. Alikuwa amewapeleka ng'ombe wake wawili joshoni alfajiri, akakuta pamefungwa.

"Mwalimu," aliniuliza, kwani watu wengi huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi hii, "mnachanja lini?"

"Mama, tulichanja juzi. Habari tuliipeleka katika kundi."

"Kundini nimo. Lakini bando langu huisha usiku. Nanunua jioni, nikiamka hakuna kitu. Na mimi usiku nalala, Mwalimu, sichezi na simu."

Nilitazama simu yake. Video yangu ilikuwa imekwama katikati, duara likizunguka. Picha mbili zilikuwa zimefunguka, ya tatu haikufunguka. Karatasi ya ratiba, ambayo ndiyo peke yake aliyoihitaji, haikumfikia kabisa. Ng'ombe wale walichanjwa wiki iliyofuata katika josho la ng'ambo ya mto, baada ya kutembezwa asubuhi nzima, na mmoja wao ni wa kukamuliwa. Maziwa ya siku hiyo hayakufika kwa wakati kwenye gari la maziwa.

Tukakaa yeye na mimi katika benchi la nje, tukaanza kulifuata bomba.

Kipimo cha data

Baba zetu walipoingia katika mashamba haya, mpango wa ekari milioni moja ulipokuwa umeanza mwaka 1962, habari za kilimo ziliwafikia kwa baraza, kwa redio, na kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya skimu. Aliyeleta habari ndiye aliyelipa gharama yake. Siku hizi mambo yamegeuka. Mimi nikipeleka video, kila mkulima wa Warazo, Naro Moru, Endarasha na Mweiga anayeipokea huilipia mwenyewe, hata asipoitazama. Kwa hiyo yafaa tujue vitu hivi vina uzito gani.

Data hupimwa kwa baiti, kama maziwa yapimwavyo kwa lita. Herufi moja ya maandishi yetu ni kama baiti moja. Kilobaiti ni baiti elfu moja hivi, megabaiti ni kilobaiti elfu moja hivi, na gigabaiti ni megabaiti elfu moja hivi. Ujumbe wa maneno matupu ni mwepesi mno. Picha iliyopitia WhatsApp hupunguzwa, nayo aghalabu huwa sehemu ya megabaiti moja. Video ndiyo mzigo wa gunia. Dakika chache tu zaweza kufika megabaiti kumi au zaidi, na video ya kutazamwa moja kwa moja kwa picha safi yaweza kula gigabaiti nzima kwa saa moja. Video ile ile ikitazamwa kwa picha hafifu, hula kidogo sana kuliko hapo.

Mkulima akisha kulielewa hilo hatasumbuka bure. Nimewaona wazee wanaofupisha maneno yao katika ujumbe ili wasimalize data, na huku simu zao zinashusha video tano za mahubiri na mbili za ndondi. Andika maneno upendavyo, Mzee. Si hayo yanayolimaliza bando lako.

Kwa nini simu hula peke yake

Simu za mulika-mwizi hazikuwa na tabia hii. Zilikaa kimya mpaka mwenyewe abonyeze. Simu za kugusa zilienea sana kwetu zilipoanza kuuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 2020 Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mtu aliweza kulipa shilingi 20 kwa siku. Ni jambo la heri. Lakini aliyeuziwa simu hakuuziwa na maelezo.

Programu zilizomo ndani ya simu hizi nyingi zimetungwa na watu wanaokaa mahali ambapo intaneti huingia nyumbani kwa waya na kulipiwa kwa mwezi, utumie kidogo, utumie nyingi. Kwa mtu kama huyo hakuna ubaya programu ikijisasisha usiku, au picha zikijinakili na kwenda kuwekwa mbali, au video ikianza kucheza kabla hajaigusa. Kwa mkulima anayenunua bando la shilingi chache kila jioni, hayo yote ni wizi usio na mwizi.

Kuna jambo la pili ambalo Mama yule na mimi tuliligundua pale bencheni. Simu iliyokaa mchana kutwa bila data huwa na njaa. Programu zote zimekuwa zikingoja. Ukinunua bando la saa moja na kuwasha data, zote huruka kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mahindi, na wewe uliyetaka kuangalia bei ya vitunguu tu unaachiwa maganda. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba bando limeisha hata hawajalitumia. Katika simu nyingi nilizotazama, bando liliibiwa na simu yenyewe.

Kufunga vilango

Majina nitakayoyataja hapa hutofautiana kidogo katika simu za namna mbalimbali, lakini hayapotei mbali. Simu nyingi zaweza kuwekwa katika Kiswahili kwa kufungua Mipangilio, yenye alama ya gurudumu la meno, na kutafuta Lugha. Nashauri mfanye hivyo. Mtu hafungi bomba ambalo hajui kusoma maandishi yake.

Kwanza tazama mahali data inapokwenda. Fungua Mipangilio, kisha Mtandao na Intaneti (katika simu nyingine ni Miunganisho), kisha Matumizi ya Data. Utaona orodha ya programu zako, kila moja na kiasi ilichokula tangu mwezi uanze, iliyokula zaidi ikiwa juu. Usiguse kitu kabla hujaisoma orodha hiyo. Katika simu ya Mama yule tulidhani WhatsApp ndiyo itakayoongoza. Haikuongoza. Juu kabisa palikuwa na programu ya video ambayo mjukuu wake aliitia wakati wa likizo, na yeye hakujua hata kwamba imo.

Programu ambayo huitumii, itoe kabisa. Unayoitumia mara moja moja, iguse katika orodha hiyo, kisha izuie kutumia data chinichini, yaani wakati hujaifungua. Hapo itakula ukiwa unaitazama tu.

Pili, washa Kiokoa Data. Kilango hiki kimo katika simu za Android tangu toleo la 7 lililotoka mwaka 2016, na kazi yake ni kuzifunga kwa pamoja programu zote zinazokula chinichini. Lakini hapa nawaomba mwe na uangalifu. Ukikiwasha, matangazo ya WhatsApp yaweza kuchelewa mpaka uifungue mwenyewe. Ikiwa wategemea kundi la ushirika wa maziwa au la ofisi, ipe WhatsApp peke yake ruhusa ya kutumia data bila vizuizi. Ruhusa hiyo hupatikana katika ukurasa huo huo wa Kiokoa Data. Ni sawa na kufunga vilango vyote vya shamba na kuacha kimoja cha kunyweshea ng'ombe.

Tatu, ingia ndani ya WhatsApp yenyewe. Huku ndiko kwenye faida kubwa kwa watu wa makundi, na ni nani kwetu asiye na makundi? La kanisa, la shule ya watoto, la maji, la ukoo, la matanga ya mtu aliyezikwa miaka miwili iliyopita na ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulifunga. Fungua Mipangilio ya WhatsApp, kisha Hifadhi na Data. Utaona mahali panapouliza ni vitu gani vipakuliwe vyenyewe unapotumia data ya simu: picha, sauti, video, nyaraka. Ondoa alama zote nne. Tangu hapo picha itakuja kama kivuli, nayo haitafunguka mpaka uiguse. Mahali hapo hapo kuna kilango cha kupunguza data wakati wa kupiga simu kwa WhatsApp, kiwashe.

Nne, duka la programu, lile liitwalo Play Store. Humo ndimo simu inamopata masasisho. Gusa picha yako juu pembeni, fungua Mipangilio, tafuta mahali pa kusasisha programu, uchague Wi-Fi peke yake. Sisemi msisasishe kabisa. Masasisho huziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni hupitia, na simu hizi ndizo zilizobeba M-Pesa zetu. Sasisheni, lakini mahali pasipo na kipimo.

Na video? YouTube ina mahali pa kuchagua ubora wa picha, nako kuna chaguo la kuokoa data. Facebook yaweza kuzuiwa video zake zisicheze zenyewe. TikTok nayo ina kiokoa data chake. Mtu anayetaka kujifunza namna ya kupogoa parachichi au kutengeneza silaji haitaji picha safi kama ya sinema. Mkono ukionekana na kisu kikionekana, yatosha.

Kwa kusoma kurasa za intaneti, zamani kidogo kivinjari cha Chrome kilikuwa na njia yake ya kupunguza data, lakini Google waliiondoa mwaka 2022. Wanaoitafuta bado wasijisumbue. Opera Mini hupunguza kurasa kabla hazijafika kwenye simu, nayo ni nyepesi hata kwa simu ndogo. Lakini programu ngeni zinazojitangaza kwamba zitakuongezea data, au zitakupa data ya bure, zikimbieni. Nyingi huleta matangazo ya biashara yanayokula data ile ile, na zingine hutaka ruhusa ya kusoma ujumbe wako.

Mtego wa simu ya mwenzako

Nitalikawia hili kidogo, kwa maana limewanasa hata watu waliosoma.

Tumeiambia simu isipakue kitu ila kwenye Wi-Fi. Vema. Kisha mwanao anakuja kutoka Nairobi, unaishiwa bando, naye anakwambia, "Mama, nitakuwashia hotspoti." Simu yako inashika intaneti ya simu yake. Lakini simu yako inajua nini? Mara nyingine huiona hiyo kuwa ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine. Basi hufungua milango yote. Masasisho ya mwezi mzima, video za makundi, picha zote zinazotaka kunakiliwa, vyote hupita katika bando la mtoto. Baada ya nusu saa mtoto anauliza nani amemaliza data yake, na mzazi naapa hajafungua kitu. Wote wawili wasema kweli.

Dawa yake ni ndogo. Ukisha kuungana na simu ya mtu, fungua jina la mtandao huo katika mipangilio ya Wi-Fi, uueleze kwamba ni mtandao unaopimwa. Simu nyingi zina mahali hapo. Kama hukupaona, soma ulichotaka kusoma, halafu jitoe mara moja.

Wi-Fi ya kweli isiyo na kipimo tutaipata wapi? Mwezi wa Desemba 2022 Serikali ilianza kutia Wi-Fi ya bure katika masoko, ikianzia Gikomba, Nairobi, na shabaha iliyotajwa ni vituo 25,000 nchini kote. Ulizeni sokoni na katika ofisi za umma mjini kwenu kama kituo kipo. Hoteli kadhaa za chai mjini Nyeri, Karatina na Nanyuki nazo huwapa wateja wao. Siku ya kwenda mjini kununua mbegu, ikiwa simu ina chaji, ndiyo siku ya kusasisha programu. Ila usifungue M-Pesa wala benki kwenye Wi-Fi usiyoijua mwenyewe.

Kununua kwa akili

Data nyingi huharibika kwa namna ya kununuliwa, si ya kutumiwa. Bando la saa moja ni rahisi kwa megabaiti, lakini ni kama maziwa ya jioni yasiyo na mahali pa kupozwa: lisilonywewa humwagwa. Linamfaa mtu mwenye kazi moja kubwa anayoijua, kama kushusha karatasi nzito ya semina. Halimfai anayengoja matangazo. Mkulima anayetaka habari imkute wakati wowote yafaa anunue data isiyo na mwisho wa muda, hata kama megabaiti zake ni chache. Zamani haikuwapo. Mwaka 2019 wakili mmoja alizishtaki kampuni za simu kwa sababu ya data inayofutwa kabla ya kutumika, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikaanzisha data isiyoisha muda. Hupatikana kwa kupiga *544#, na hapo hapo ndipo pa kuangalia salio la data.

Jambo jingine: bando likiisha na data ikabaki imewashwa, simu yaweza kuendelea kula kutoka katika muda wa maongezi, kwa bei ya juu kuliko ya bando. Mtu huweka shilingi 100 ya kumpigia daktari wa ng'ombe, akaikuta ni shilingi tatu. Uliza kampuni yako ikuzuilie. Wateja wa Safaricom wa malipo ya kabla hupiga 100. Na mwenye laini mbili aangalie ni laini gani iliyochaguliwa kutoa data. Nimemwona mtu akinunua bando katika laini moja, huku simu ikila kutoka katika laini ya pili, wiki nzima.

Usiku, zima data. Sisemi uzime simu. Wazee wengi huzima simu yote wakiogopa kuliwa, kisha mtoto akiugua huko shuleni hawapatikani. Vuta chini ukingo wa juu wa kioo, uguse alama ya data izimike. Simu za kawaida zitaingia kama desturi, na ujumbe mfupi utaingia, na wa M-Pesa pia. M-Pesa yenyewe haihitaji data ukipiga *334#. Vocha ya mbolea ya ruzuku nayo huja kwa ujumbe mfupi. Basi aliyezima data usiku hakosi cha haraka.

Na jambo la mwisho kwa mwenye simu: kijana akikusaidia kufunga vilango hivi, msaidiwe mkiwa mmekaa pamoja, wewe ukitazama. Namba yako ya siri ya M-Pesa haihusiani na kazi hii hata kidogo. Akiiuliza, chukua simu yako uondoke.

Sisi tunaopeleka habari

Nimewafundisha wakulima kufunga mabomba yao, lakini nani aliyekuwa akimwaga maji? Hebu tupige hesabu. Tuseme karani apeleka video ya megabaiti 16 katika kundi la watu 200. Wote wakiipokea, zimelipiwa megabaiti 3,200, yaani gigabaiti tatu na zaidi, kutoka mifukoni mwa wakulima, kwa tangazo moja. Sasa tuseme apeleka maneno tu, yasiyozidi herufi 160 kama ujumbe mfupi mmoja. Kwa watu wale wale 200, maneno yenyewe yote kwa jumla ni kilobaiti 32. Hayo hayafiki picha moja ya ng'ombe.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu akiujaza ubao, mtoto hunakili pembe za ubao na kuacha somo. Mimi nilijua hivyo, nikasahau siku nilipopewa simu ya ofisi. Tangu wakati huo tumeafikiana, ofisi na wenyeviti wa makundi, kwamba tangazo lenye siku, saa na mahali liandikwe kwa maneno, litangulie, tena lipelekwe kwa ujumbe mfupi pia kwa wasio na simu za kugusa. Video ikihitajika hufuata nyuma, na ukubwa wake huandikwa, ili mtu ajue mzigo kabla hajaubeba. Baadhi ya wenyeviti walinung'unika kwamba kundi limekuwa kimya mno. Na liwe kimya.

Tangazo la chanjo iliyofuata nililiandika hivi:

"CHANJO YA NG'OMBE, miguu na midomo. Jumanne, saa 1 asubuhi hadi saa 6. Josho la kawaida. Leta wote, hata ndama. Ukikosa, piga simu ofisini."

Jumanne hiyo nilifika joshoni kabla ya saa moja, ukungu bado umefunika mlima. Mama yule alikuwa ametangulia. Alikuwa na ng'ombe wake wawili, na ndama mwenye kamba shingoni, na simu imefungwa katika mfuko wa nailoni isiingie umande. Aliniambia bando alilonunua siku ya soko bado lipo. Kisha, tulipokuwa tukimngoja daktari, akauliza:

"Mwalimu, ile video yako ya mwaka jana, yule daktari alikuwa akisema nini?"

Nilimwonyesha kwa simu ya ofisi. Aliitazama mpaka mwisho, akamfunua ndama midomo, akamchungulia ulimi.